William Coltman, Mbeba Machela wa Staffordshire



Kila mwezi wa Novemba watoto wetu hurudi kutoka shuleni wakiwa na ua jekundu la karatasi kifuani, nao hutuuliza maana yake. Tunawajibu kwamba ni kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa vitani, na mara nyingi maongezi huishia hapo. Vita Kuu ya Kwanza wengi wetu tunaijua kwa upande wa kwetu tu: Tanga, von Lettow, Kariakoo. Ya upande huu wa dunia tumeyasikia kidogo. Kwa hiyo wiki hii tunawaletea maisha ya mtu wa jirani, mwalimu wa Shule ya Jumapili, aliyerudi kutoka vita hiyo akiwa na nishani nyingi kuliko askari mwingine yeyote wa Uingereza asiye ofisa. Nishani hizo zote alizipata bila kufyatua risasi hata moja. Jina lake ni William Harold Coltman, na kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi kwa machela.

Tunamwita mtu wa jirani kwa sababu. Handsworth hii tunayoishi ilikuwa sehemu ya Staffordshire hadi mwaka 1911, ndipo ikaingizwa katika jiji la Birmingham. Coltman alizaliwa Staffordshire hiyo hiyo tarehe 17 Novemba 1891, katika kijiji cha Rangemore karibu na Burton upon Trent. Ukipanda treni ya New Street kwenda Derby unapita Burton, mji unaojulikana kwa viwanda vyake vya bia. Yeye hakufanya kazi kiwandani. Alikuwa mtunza bustani, akilima mazao ya kupeleka sokoni. Januari 1913 alimwoa Eleanor May Dolman, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Kwa imani alikuwa wa Plymouth Brethren, na alifundisha Shule ya Jumapili huko Winshill, pembeni mwa Burton. Ndugu zetu waliotoka Katanga wanawajua watu hawa kwa jina lingine, maana makanisa ya Garenganze yalitokana na kazi aliyoianza mmisionari wao, Frederick Stanley Arnot, mwaka 1886. Ni watu wasio na mchungaji wa kuajiriwa. Wazee na walei ndio wanaofundisha, wanaoongoza ibada na wanaotembelea wagonjwa. Coltman alikuwa mlei wa namna hiyo: wiki nzima yuko shambani na jembe, Jumapili yuko mbele ya watoto.

Vita ilianza Agosti 1914. Januari 1915, akiwa na miaka 23, mke na familia nyumbani, Coltman alijiandikisha jeshini kwa hiari. Sheria ya kuwalazimisha wanaume kwenda jeshini ilikuwa haijatungwa bado. Ilikuja mwaka 1916. Aliingia batalioni ya 6 ya North Staffordshire Regiment, iliyokuwa chini ya divisheni ya 46. Wengi wa wanaume wa batalioni hiyo walikuwa watu wa Burton na miji ya karibu, waliosoma pamoja na kufanya kazi pamoja.

Aliingia kama askari wa kawaida wa bunduki. Lakini imani yake ilimzuia kuua, akaomba ahamishiwe kwenye kubeba majeruhi, akakubaliwa. Wakati ule walikuwepo Wakristo waliokataa jeshi kabisa, na wengi wao walifungwa gerezani. Walikuwepo pia, tena ndio wengi zaidi, walioshika bunduki na kupigana. Coltman alishika njia yake mwenyewe. Alikwenda mahali pale pale walipokwenda wenzake, akala walichokula, akalala kwenye tope walilolala, ila mikononi mwake alikuwa na machela na bendeji.

Sisi tulio wauguzi katika kanisa hili tungependa kueleza kidogo kazi hiyo ilivyokuwa, kwa sababu ukisikia neno mbeba machela unaweza kufikiri ni mtu aliyekaa nyuma, mbali na hatari. Huko Ufaransa na Ubelgiji majeshi mawili yalikaa kwenye mahandaki yaliyotazamana, pengine umbali wa mita mia au mia mbili tu. Katikati palikuwa na ardhi iliyochimbwachimbwa na makombora, imejaa seng'enge na maiti. Shambulio lilipoanza, askari walitoka handakini na kuvuka ardhi hiyo, nao walikatwa na bunduki za rashasha. Waliojeruhiwa walibaki walipoangukia. Mtu wa kwanza kuwafikia hakuwa daktari. Alikuwa mbeba machela wa batalioni yao.

Batalioni yenye watu wapatao 1,000 ilianza vita ikiwa na wabeba machela 16, na baadaye wakaongezwa hadi 32. Mkononi walivaa kitambaa chenye herufi SB. Hakikuwa na msalaba mwekundu. Huo walivaa watu wa idara ya tiba ya jeshi. Kitambaa cha SB hakikuwa kinga ya kisheria wala hakikuzuia risasi. Askari kwa kawaida aliweza kulala chini au kujificha shimoni risasi zilipozidi. Mbeba machela aliyeinua mgonjwa alipaswa kusimama na kutembea, tena taratibu. Kwenye tope zito machela moja iliweza kuhitaji watu sita au hata wanane badala ya wawili au wanne.

Akimfikia majeruhi, alitakiwa kufanya yale tunayofanya sisi leo katika dakika za kwanza: kuzuia damu, kufunika jeraha, kukaza mfupa uliovunjika usichezecheze, kumweka mtu apate joto, kuzungumza naye. Kila askari alibeba bendeji yake ndani ya koti, na mbeba machela alianza na hiyo. Kisha alimpeleka kwa daktari wa batalioni, aliyekaa kwenye shimo lililochimbwa karibu na mstari wa mbele. Kutoka hapo wabebaji wengine walimchukua hadi kituo cha nyuma, halafu hospitali yenye vyumba vya upasuaji. Yule wa kwanza akichelewa, waliobaki wote hawakuwa na mtu wa kumtibu.

Mfupa wa paja ni mfano mzuri. Ukivunjika kwa risasi, ncha zake hukata nyama na mishipa ndani kila mtu anapotikiswa, na damu nyingi huvujia ndani ya paja bila kuonekana. Mwanzoni mwa vita wengi wa majeruhi hao walikufa njiani. Baadaye wabebaji na watu wa tiba walifundishwa kutumia banzi la Thomas, fremu ya chuma inayovuta mguu na kuunyoosha, na vifo vikapungua sana. Banzi lilihitaji mtu aliyefundishwa kulifunga gizani, mikono ikiwa imeganda kwa baridi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyingi mno. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Batalioni ya Coltman ilikuwa upande wa kaskazini wa mapigano hayo, mahali paitwapo Gommecourt, na ilipigwa vibaya.

Nishani yake ya kwanza, Military Medal, ilitokana na tukio la Februari 1917. Ofisa mmoja alitoka na askari wake kutengeneza seng'enge mbele ya handaki, wakijificha ndani ya ukungu. Ghafla ukungu ukaondoka. Wajerumani waliwaona, wakafyatua, na ofisa akapigwa pajani. Coltman alitoka peke yake, mchana kweupe, akamrudisha.

Ya pili, Military Medal kwa mara nyingine, ilikuja kwa ajili ya mambo matatu ya Juni mwaka huo huo. Ghala la silaha lilipigwa na kombora, naye akaingia kuondoa fataki za kumulikia zisije zikalipuka. Siku iliyofuata makao ya kampuni yake yalipigwa, akawahudumia waliojeruhiwa. Baada ya wiki moja hivi, handaki la chini kwa chini liliporomoka na kuwafukia watu. Akakusanya wenzake, wakachimba na kuwatoa. Ukitazama vizuri, hapo hakuna shambulio wala bendera. Ni mtu aliyekuwa karibu jambo baya lilipotokea, akaenda kusaidia.

Kiangazi hicho hicho, karibu na mji wa Lens, alipewa Distinguished Conduct Medal. Kwa siku kadhaa mfululizo alitoa majeruhi mstari wa mbele huku makombora yakianguka, na usiku alirudi kuwatafuta walioachwa. Hilo la usiku sisi wauguzi linatugusa. Zamu yake ilikuwa imekwisha kwa kipimo chochote cha haki. Lakini alijua kwamba gizani kuna watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Ikafika Septemba 1918. Divisheni ya 46 ilipewa kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani: kuvuka mfereji wa St Quentin, wenye kingo ndefu za mwinuko mkali na maji au tope chini, na ng'ambo yake ngome imara za Wajerumani. Askari waliletewa maboya ya kuelea yaliyotolewa kwenye meli za abiria. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba, ndani ya ukungu mzito, walivuka. Watu wa batalioni ya Coltman ndio walioliwahi daraja la Riqueval kabla Wajerumani hawajalilipua. Hadi jioni divisheni hiyo ilikuwa imeteka watu zaidi ya 4,000. Vitabu vya historia husimulia sana habari za daraja hilo. Nyuma ya daraja, siku hizo zote, Coltman alikuwa akifunga majeraha na kubeba, bila kulala, na hakupumzika hadi alipohakikisha kwamba hakuna majeruhi aliyesalia katika eneo lao. Kwa hilo alipewa Distinguished Conduct Medal mara ya pili.

Siku chache baadaye, tarehe 3 na 4 Oktoba, mapigano yalihamia kilima cha Mannequin, kaskazini mashariki ya kijiji cha Sequehart. Waingereza walikipanda, wakasukumwa nyuma. Walipokwisha kurudi, Coltman alisikia kwamba kuna majeruhi walioachwa kule mbele. Alikwenda peke yake, risasi zikitoka pembeni. Akawapata, akawafunga majeraha. Kisha akambeba mmoja mgongoni hadi mahali salama, akarudi. Akambeba wa pili, akarudi. Akambeba wa tatu. Baada ya hapo aliendelea kuhudumia majeruhi kwa muda wa saa 48 bila kukoma. Alikuwa koplo usu, umri wake miaka 26, na vita ilikuwa imebakiza wiki tano tu kumalizika.

Kwa kazi hiyo alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Mfalme George wa Tano alimvisha mwenyewe katika jumba la Buckingham, Mei 1919. Ufaransa nayo ilimpa Croix de Guerre. Mji wa Burton ulitaka kumpokea kwa sherehe, lakini yeye alizikwepa, akaenda zake nyumbani kimya kimya.

Halafu akarudi kwenye kazi ya bustani. Alitunza bustani za umma za Burton kwa miaka mingi, hadi alipostaafu mwaka 1963. Watu waliopita bustanini walimwona mzee mwenye koleo, na wengi hawakujua kingine. Katika Vita Kuu ya Pili alivaa sare tena, akiwa kapteni, akiwalea vijana wa kadeti wa mji wake. Alifariki tarehe 29 Juni 1974, akiwa na miaka 82, akazikwa Winshill katika uwanja wa kanisa la St Mark's, kaburi moja na mkewe Eleanor.

Tukisimulia habari hii hatuwezi kunyamaza juu ya wabebaji wa kwetu. Miaka ile ile Coltman alipokuwa Ufaransa, wanaume wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na kwingineko walibeba vita ya Afrika Mashariki mabegani. Walibeba risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na walibeba wagonjwa na majeruhi kwa machela, wiki nzima porini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi wetu tumenunua vitenge Kariakoo bila kujua kwamba tunatembea juu ya kumbukumbu yao.

Coltman ana nishani, ana kaburi na ana jina. Hao hawana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti na kukiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina au hawakuwekewa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kwa hiyo mtoto wako akivaa ua jekundu, mwambie kwamba ni la Coltman na ni la babu wa babu yake pia. Ana haki ya kulivaa.

Kuna sababu nyingine ya kuleta maisha haya kwenye ukurasa wetu. Wengi katika kanisa hili wanafanya kazi ya kuinua watu. Mama zetu wako kwenye nyumba za kutunzia wazee, kazi ambayo tumezoea kuiita kea tu. Baba na kaka zetu wanasukuma vitanda katika korido za hospitali, usiku, kutoka wodi moja hadi nyingine. Wengine walikuwa walimu au wahasibu kwao, na hapa wanamgeuza mzee kitandani kila saa mbili ili asipate vidonda. Tumewasikia baadhi ya vijana wetu wakiulizwa na wenzao wazazi wao wanafanya kazi gani, nao wakajibu kwa sauti ya chini, au wakabuni jibu lingine. Inauma, na hatuwalaumu sana, maana wanaona jinsi kazi hiyo inavyolipwa na jinsi watu wanavyoitazama.

Vijana wetu, someni tena habari ya kilima cha Mannequin. Jeshi lilikuwa na majenerali, na wapiga mizinga hodari, na maofisa wa shule kubwa. Heshima yake ya juu kabisa lilimpa mtunza bustani kwa sababu aliwabeba watu mgongoni. Mama yako akirudi asubuhi mgongo ukimuuma, anatoka kwenye kazi ya jamii hiyo. Anastahili kukuta chai imeandaliwa, na anastahili mtoto anayetaja kazi yake bila kuinamisha kichwa.

Nanyi mnaobeba, sikieni neno moja la kiuguzi. Coltman alikaa saa 48 bila kulala kwa sababu ilikuwa vita. Sisi tusiige hilo kwa zamu tatu mfululizo ili tutume pesa nyumbani. Mgongo ukiharibika, ni vigumu sana kuutengeneza. Tumieni mashine ya kuinulia pale ilipo, ombeni mtu wa pili pale panapotakiwa watu wawili, na mkikataliwa semeni. Hata machela ya Somme haikubebwa na mtu mmoja.

Wapo pia kati yetu waliobebwa. Kule Kivu, na Burundi, na vijiji vingi vya Tanzania, mgonjwa hubebwa kwa tipoi au kitanda cha kamba, wanaume wakipokezana mlimani hadi barabarani. Wengine walibebwa mgongoni na dada zao wakikimbia risasi. Majina ya wabebaji hao hayako kwenye mnara wowote. Tunaomba kila familia yenye habari kama hiyo iwasimulie watoto, kwa jina la aliyebeba na jina la mahali. Aliyebebwa akinyamaza, jina hilo litapotea.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho: Victoria Cross ya Coltman imehifadhiwa katika makumbusho ya Staffordshire Regiment huko Whittington, karibu na Lichfield, na nje yake kuna handaki lililojengwa mfano wa yale ya Ufaransa, likaitwa kwa jina lake. Lichfield ni mwendo mfupi wa treni kutoka New Street. Wazazi, wachukueni watoto siku moja ya likizo. Waache waingie humo handakini, halafu waulizeni kama wangeweza kumbeba mwenzao kutoka ncha moja hadi nyingine.

Jumapili hii katika maombi tutawataja kwa pamoja wote wanaofanya kazi ya kuinua na kubeba wagonjwa na wazee, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku. Mungu awatie nguvu migongoni na mikononi. Amina.